Mkengo wa Miguu Minne

Jina la nchi hiyo haliruhusiwi kutajwa ila msemaji awe amesimama wima, kidevu juu, mikono ubavuni. Kwa kuwa wasomaji wengi husoma wameketi, na wengine wamejilaza kabisa, tutaliacha jina hilo lilipo lisije likamponza mtu. Yatosha kujua kwamba ilikuwa nchi yenye bahati. Rais wake alipendwa kwa mujibu wa sheria, na mvua iliponyesha ilikuwa juhudi zake, na isiponyesha ilikuwa uvivu wa wananchi.

Rais huyo alikwenda ziara ng'ambo, akamwona mfalme mmoja akipita barabarani juu ya farasi, watu wakimpungia mikono. Inasemekana Rais alitokwa na machozi. Yeye siku zote alipita ndani ya gari la vioo vyeusi, na hakuna aliyewahi kuona jinsi alivyopendeza. Mfalme akamhurumia, akampa meli nzima ya farasi, wale ambao kwao walikwisha kuzeeka kwa gwaride.

Basi Waziri wa Heshima akaenda kuzindua mazizi. Bendi ikapiga, mkasi ukaletwa juu ya sinia, utepe ukakatwa. Utepe ulipoanguka ndipo watu walipoona kwamba nyuma yake palikuwa na uwanja mtupu na mbuzi mmoja anakula karatasi. Utepe ndio uliokuwa mradi wote. Watu walipiga makofi hata hivyo, maana ulikuwa utepe mzuri.

Na meli ilikwisha kutia nanga.

Waziri hakutikisika. Jioni alisimama kwenye redio akasema, "Wananchi! Mataifa masikini hufungia farasi zizini. Sisi tumevuka hatua hiyo. Farasi si mnyama. Farasi ni raia aliyechelewa kusimama kwa miguu miwili. Kuanzia leo kila familia teule itaishi naye ndani, chini ya paa moja. Mpango huu utaitwa Farasi Nyumbani. Aliyechaguliwa ashukuru. Ambaye hakuchaguliwa ajiulize amekosa nini."

*

Katika mtaa wa Mchangamwingi, aliyechaguliwa alikuwa Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alikuwa mama wa makamo, mwembamba wa mwili, mpana wa kauli. Mdomo wake haukuwa na breki. Harusini alikaribishwa kwa sababu akiimba hata ukuta unaitikia, na asipokaribishwa alikuja vilevile, akaimba kuhusu waliosahau kumkaribisha. Mumewe, Mzee Feruzi, alikuwa mtu wa amani. Aliishi na mke huyo kama mtu aishivyo jirani na mto: ameujua wakati wa kufurika, huhamisha vitu vyake mapema.

Farasi aliletwa asubuhi na Mratibu wa Farasi Majumbani, Bwana Kigunda, kijana mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali ya kisu. Farasi alikuwa wa kijivu, mkubwa kama kabati la mahari, na kifuani kwake ilitundikwa nishani.

"Huyu ni Kanali Tetemeko," alisema Bwana Kigunda, akapiga saluti. Hakuwa akiwasalimu wenye nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa na cheo cha sajini tu, na sheria ilimtaka amsalimu Kanali kila aingiapo na kila atokapo.

"Mwanangu, mfunge pale chini ya mti wa mkungu," akasema Bi Sikudhani.

"Mama, farasi ni wa ndani."

"Basi barazani."

"Ndani, mama. Kwenye chumba chenye sakafu ya saruji. Kanali ana kwato laini."

Nyumba ile ilikuwa na chumba kimoja tu chenye saruji. Ni chumba cha Bi Sikudhani mwenyewe, na wiki hiyo alikuwa amekipaka chokaa, amekitandika, amekifukiza udi, kwa sababu binti yake, Salha, alikuwa njiani kuja kujifungua. Uzazi wa kwanza huwa kwa mama mzazi. Hilo halikuandikwa popote katika nchi ile, ndiyo maana lilifuatwa. Mama asiyempokea mwanawe kwa uzazi wa kwanza, hata akifa, watu huchelewa kuja kumzika.

"Hicho ni chumba cha uzazi," alisema.

Bwana Kigunda akachungulia, akaridhika. "Kizuri. Kanali atakipenda."

"Na nikikataa?"

"Aa, kukataa unaruhusiwa, mama. Nchi yetu ni ya hiari." Akatoa kitambaa akafuta vumbi kwenye nishani ya farasi. "Ila ukimtoa nje, au akikonda, au akionekana hana furaha, nyumba itakuwa mali ya Kanali. Nyinyi mtabaki kama wapangaji wake, mkiwa na tabia nzuri."

Akapiga saluti, akaondoka.

*

Kanali Tetemeko alijisikia nyumbani upesi kuliko wakwe wengi. Siku ya kwanza alikula mkeka. Siku ya pili aligundua kioo cha meza ya kujipambia, akakaa mbele yake tangu chai mpaka magharibi, akigeuza shavu hili na shavu hili kama mtu anayetafuta picha ya kuweka kwenye noti. Akinyanyua mkia, vikombe vya kabatini vinaomba dua. Alikunywa maji ya mtungini kwa kuingiza kichwa chote. Alipasua mito, akatoka na sufi puani, akapiga chafya, chumba chote kikawa kama kuna msimu wa theluji unaosemwa na mabaharia.

Salha alipofika, tumbo limeshuka, miguu imevimba, alisindikizwa na mama mkwe wake aliyebeba kikapu cha nguo za mtoto. Salha aliolewa na kijana wa ukoo wa Wakengo, wale Wakengo wa mabondeni wanaolima mihogo, si wale wa kutawala. Alikwenda moja kwa moja chumbani kujilaza. Akafungua pazia. Akaona matako ya farasi.

"Mama," aliita taratibu, "kuna mgeni?"

Usiku huo Salha alilala ukumbini juu ya magunia, na Kanali alilala kitandani. Tuseme kitanda kililala chini yake, maana kilivunjika.

Asubuhi Bi Sikudhani alimfuata Mratibu ofisini. Ile haikuwa desturi yake, kufuata watu. Aliongea kwa adabu mpaka mwenyewe akajishangaa.

"Mwanangu Kigunda, nakuomba. Binti yangu ni leo au kesho. Mzae mwenzangu, mama mkwe wake, katoka mbali, yuko hapa ananitazama. Nipe chumba changu kwa siku arobaini tu, kisha mrudishe Kanali wako, hata umlete na mkewe."

Bwana Kigunda alisikitika kwa dhati. Alisikitika mpaka akainamisha kofia. "Mama, mimi nakuelewa. Lakini mtoto anaweza kuzaliwa popote. Farasi hawezi kulala popote. Halafu kuna jambo la kelele. Utamwambia binti yako, saa yake ikifika, asipige mayowe. Kanali hushtuka."

Bi Sikudhani alirudi nyumbani. Mzee Feruzi alipomwona amenyamaza, akahamisha redio yake na kiti chake mpaka kwa jirani.

*

Sasa, nyumba nyingine nchini zilikuwa na hila zao. Watu walimfunga farasi kizingitini, kichwa ndani, mwili nje, wakasema yumo. Wengine walidai farasi ameaga amekwenda kutembea. Waziri wa Heshima akaona mpango unamomonyoka. Akaitisha wataalamu, wakafungiwa kwenye hoteli yenye vyakula vingi mpaka wakapata wazo.

Wazo likatangazwa siku ya mkutano wa hadhara, vipaza sauti vikiwa vimefungwa kwenye kila mnazi.

"Tumegundua," Waziri alinguruma, "kwamba wananchi wanawatenga farasi kwa sababu wanawaona hawana kwao. Basi Mtukufu Rais, kwa upendo usio na kifani, amewapa ukoo. Na hakuwapa ukoo wa mtu mwingine, amewapa wake! Tangu leo kila farasi wa Taifa ni Mkengo, ndugu wa Mtukufu wa damu. Anayemweka farasi nje amemweka Rais nje! Nani atathubutu?"

Umati ukanywea. Kweli, nani angethubutu?

Bi Sikudhani alikuwa amesimama nyuma kabisa. Akamshika jirani yake, Bi Kidawa, mkono.

"Shoga, amesema ukoo gani?"

"Wakengo. Twafa sasa."

"Rudia."

"Wakengo, Sikudhani. Una nini? Mbona unacheka? Usicheke hapa, utatufunga!"

Lakini Bi Sikudhani alikuwa anacheka mpaka kanga ikamdondoka, kwa maana yeye alikuwa Mlisi.

*

Hapa inafaa tueleze, kwa faida ya wataalamu wa hotelini. Zamani Walisi na Wakengo walipigana vita vya kisima. Walipigana mpaka upande huu na upande huu ukakosa mtu wa kuteka maji. Ndipo wazee wakakata shauri: tangu leo hatupigani kwa mikuki, tutapigana kwa midomo. Ndio utani. Mlisi akimkuta Mkengo humwita mwizi wa kuku, humpaka majivu, humvua kofia akaivaa yeye. Kwenye msiba wa Mkengo, Mlisi huja na nguo za marehemu akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, na hazikwi mtu mpaka Mlisi apewe anachotaka. Mkengo naye humfanyia Mlisi vivyo hivyo. Na sheria ni moja tu: mtani hakasiriki. Anayekasirika si wa ukoo. Alikotoka arudi.

Na kuna jambo jingine, ambalo sisi hatulisemi, tunalisikia tu. Watu walinong'ona kwamba hata Rais mwenyewe alianza kuwa Mkengo mwaka wa uchaguzi.

Bi Sikudhani alifika nyumbani, akachota majivu jikoni, akafungua pazia.

"Mkengo we!" akasema kwa sauti ya harusini. "Mwana wa kula kwa watu! Kumbe ni wewe? Siku zote umelala kwangu, hata huniambii sisi watani?"

Akampaka majivu paji la uso. Akamvua nishani, akajitundikia yeye. Akasimama mbele ya kioo, akageuza shavu hili na shavu hili. Mama mkwe wa Salha, ambaye tangu afike alikuwa hajatabasamu, alianguka juu ya magunia kwa kicheko.

"Mzae," alisema, akifuta machozi, "huyo kweli ni Mkengo. Mume wangu alikuwa na meno hayohayo."

Mzee Feruzi alikuja mbio. "Mama Salha! Watatunyonga!"

"Watanyongaje utani, Baba Salha? Kaa uitikie."

Na hapo akalitoa shairi ambalo hakuna mtunzi mwenye shahada aliyemfundisha:

*Mkengo mwana wa kwetu, wazila mpaka kuta,*
*Umelala chumba chetu, miguu umeikita,*
*Wanyea mikeka yetu, na saluti wazipata,*
*Nyumba hii ina watu, Mkengo urudi kwenu!*

Magharibi mtaa mzima ulikuwa uani, unaitikia kipande cha mwisho. Na ajabu ni kwamba Walisi siku ile waliongezeka kuliko ilivyowahi kuonekana. Bi Kidawa, ambaye kwao ni visiwani, alikumbuka bibi Mlisi. Muuza mkaa alikumbuka mababu wawili. Hata fundi baiskeli, ambaye alikuwa mgeni nchini, alisema damu yake imekuwa ikimwasha tangu zamani.

"Mkengo urudi kwenu!" waliimba, na nyuso zao zilielekea kwa farasi. Macho, hatukuangalia yameelekea wapi.

*

Bwana Kigunda alifika anatweta, akamkuta Bi Sikudhani kifuani ana nishani ya Kanali. Mkono ukampanda wenyewe kupiga saluti. Akaushusha kwa mkono wa pili.

"Umemtukana ndugu wa Rais!"

"Wewe ukoo gani, baba?"

"Mimi... mimi ni Mpoka wa bara."

"Basi haya hayakuhusu. Huyu na mimi watani. Akikasirika, aseme mwenyewe."

Watu wote wakamtazama Kanali Tetemeko. Kanali akawatazama. Kisha akainua mdomo wa juu, akaonyesha meno yote mpaka ufizi, akalia.

"Umemwona?" akasema Bi Sikudhani. "Amecheka. Ndugu huyu ana malezi. Sasa wewe unayekasirika kwa niaba yake, ulitumwa na nani?"

Bwana Kigunda alikwenda kupiga simu. Simu ikapanda ngazi, kutoka wilaya mpaka mkoa, mkoa mpaka Waziri, Waziri mpaka kwa mzee mmoja wa Ikulu ambaye kazi yake ilikuwa kukumbuka mambo. Mzee yule aliposikia, akaweka kikombe chini.

"Mtukufu asikasirike," alisema. "Akikasirika tu, Wakengo wote watasema si mwenzao. Acheke."

"Acheke?"

"Acheke. Na nyinyi mcheke."

Hivyo ndivyo ilivyotoka Amri ya Kucheka. Alfajiri Bwana Kigunda alikuwa amesimama mlangoni kwa Bi Sikudhani, suruali imenyooka, macho yamejaa msiba, akisema, "Ha. Ha. Ha." Akimaliza hupumzika kidogo, halafu huanza tena.

*

Lakini kicheko hakikuondoa farasi chumbani. Adhuhuri Salha alishika ukuta.

"Mama. Kiuno."

Bi Sikudhani alimtazama mwanawe amejipinda ukumbini, katika vumbi, karibu na mafiga. Mzaha ukamtoka usoni kabisa. Akampangusa jasho, akamwambia, "Tembea kidogo mwanangu, pumua. Utazalia kitandani mwangu." Kisha akatoka uani, akakunja kanga kichwani, akapiga ukunga uliosikika mpaka sokoni.

"Mkengo amekufaaa! Jamani, ndugu wa Rais amefia kwangu!"

Ndani, Kanali alikuwa anatafuna dirisha. Lakini mtani anaruhusiwa kumlilia mtani aliye hai, ili ndugu zake waje wamchukue. Bi Sikudhani akamfunika shuka jeupe, likabaki kichwa. Turubai likafungwa. Wanawake wakaketi wakalia kwa vibwagizo. Fundi baiskeli akavaa tandiko, akapita kati ya waombolezaji kwa mwendo wa Kanali, na alipofika mbele ya wazee akanyanyua mkia usiokuwapo. Redio ya Taifa, ambayo haisubiri kuthibitisha habari za wakubwa, ikapiga muziki wa huzuni.

Nani angekosa msiba wa nduguye? Tena ndugu aliyemtangaza mwenyewe kwa vipaza sauti? Jua halijatua, magari meusi yakaingia Mchangamwingi, na kwa mara ya kwanza kioo kikateremshwa.

Rais alikuwa mfupi kuliko alivyo kwenye noti. Alitembea mpaka kizingitini, Waziri nyuma yake, Bwana Kigunda pembeni akisema "ha, ha" kwa sauti ya chini. Bi Sikudhani alikuwa ameketi katikati ya mlango, mchi umelazwa kwenye magoti.

"Hodi," alisema Rais.

"Hodi gani? Nduguyo aliingia bila hodi."

Mshipa ukasimama kwenye paji la uso wa Rais. Ukapanda, ukapanda. Yule mzee wa kukumbuka akakohoa. Rais akafungua mdomo, akacheka, kicheko kikavu kama bawaba.

"Ha! Walisi bwana! Wezi wa maboga!" alisema, na lazima tukiri alijitahidi. "Haya mtani, unataka nini upishe? Bati? Cherehani? Waziri, mwandikie cherehani."

"Sitaki kitu chako. Nataka uchukue kilicho chako."

"Kanali ni zawadi ya Taifa kwa..."

Toka ukumbini Salha akapiga yowe. Lilikuwa yowe la kweli, refu, lisiloogopa mtu. Waliokuwa chini ya turubai wakageuka wote. Hata fundi baiskeli akavua tandiko.

"Umesikia?" Bi Sikudhani hakupandisha sauti. "Huyo anayekuja mjukuu wangu, baba yake Mkengo. Mkengo kweli, wa jembe. Nina Wakengo wawili na chumba kimoja. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Amua hapa, mbele ya watu: yupi ndugu yako?"

Rais alitazama kushoto, akatazama kulia. Popote alipotazama palikuwa na Mlisi. Akamtazama Waziri wa Heshima, naye akawa anachunguza viatu vyake.

"Serikali yangu," alisema hatimaye, akivuta pumzi ya hotuba, "siku zote imekuwa na msimamo kwamba farasi... kwa kadiri mazingira... kwao ni kwao."

Bi Sikudhani akaondoa mchi.

Wanasema ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizopata kupigwa za Mtukufu: anatoka kwenye nyumba ya udongo, ameshika kamba, nyuma yake farasi amefunikwa sanda, anatafuna kipande cha dirisha. Watu walimpungia mikono njia nzima. Ndicho alichokuwa anakitaka.

*

Habari hukimbia kuliko farasi. Kabla ya wiki kwisha, misiba ilizuka kila wilaya, na ndugu wakapelekwa kwa ndugu yao mkubwa. Wote wako Ikulu sasa. Wanatembea ukumbini, wanapanda ngazi, wanajitazama kwenye vioo. Mabalozi waliofika hivi karibuni wanasema mapokezi yalikuwa ya heshima, na kwamba Baraza la Mawaziri linaonekana lina afya.

Salha alijifungua siku ileile chumbani, sakafu bado inanuka dawa ya kusugulia. Mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye sauti. Kitanda kiliegemezwa kwa matofali. Bi Sikudhani alimpakata, bibi wa pili, mzae mwenzake, akichungulia begani.

"Haya, Mkengo mwingine!" alimwambia. "Umekuja bila hodi kama wenzio. Chumba changu umechukua, binti yangu umemtesa, na hata nguo hujaja nayo. Una nishani wewe? Nani akupigie saluti?"

Mtoto akamtazama kwa makini, akakunja uso, akamlowesha kanga nzima.

"Ona! Ndio waleee!" Bi Sikudhani akamnyanyua juu, maji yanamchuruzika kiwikoni. "Mzae, lete mkeka mwingine. Huyu ana haki. Huyu asirudi popote."

Wakacheka wote watatu, Salha akishika tumbo. Na chini ya dirisha lililotafunwa, Bwana Kigunda, aliyekuwa anapita na shughuli zake, akasimama wima akasema, "Ha. Ha. Ha." Ile amri, tangu siku hiyo, hakuna aliyekumbuka kuifuta.